Kreatinini 82: figo za mjamzito mwenye kisukari

Karatasi ya maabara haikuwa na alama yoyote ya hatari. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, mikromoli 82 kwa lita, na pembeni mashine imechapa kiwango cha kawaida cha mwanamke, 44 hadi 97. Hakuna nyota, hakuna mshale. Aliyeisoma kabla yangu alikuwa ameandika kwenye kadi ya kliniki, kwa mwandiko mzuri tu: "Figo ziko sawa." Mwenye kadi alikuwa na mimba ya wiki 20 na kisukari cha miaka 14.

Sikubaliani na maneno yale matatu, na sehemu kubwa ya andiko hili ni kueleza kwa nini. Lakini niseme mapema kwamba mama huyu si mtu mmoja. Nimemshona kwa vipande vya wagonjwa mbalimbali, umri na namba nikazibadili, asije akapatikana wa kunyooshewa kidole. Yaliyotokea ndani ya figo zake ndiyo yaleyale tunayoyaona.

Alikuwa na miaka 27. Kisukari aina ya kwanza kilimpata akiwa darasa la sita, alipoanza kuamka usiku kunywa maji na kukojoa, akakonda hadi sketi ya shule ikawa inashikizwa kwa pini. Tangu hapo ni insulini asubuhi na jioni, chupa ikikaa kwenye mtungi kwa sababu nyumbani hakukuwa na friji. Miezi minane kabla ya kushika mimba vipimo vyake vilisema hivi: kreatinini 80, HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, asilimia 9.1, presha 128/80, na albumini, protini ya damu, imeanza kuvuja kwenye mkojo kwa kiasi kidogo ambacho kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo hakikioni. Kwa ajili ya uvujaji huo alikuwa akimeza enalaprili miligramu 5 kila siku.

Dawa nzuri kwa figo za kisukari, mbaya kwa mimba. Enalaprili na jamaa zake zikiendelea kumezwa kuanzia miezi ya kati ya ujauzito huziua nguvu figo za mtoto, na maji ya uzazi hukauka, maana kufikia wakati huo maji yale kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayeandikiwa dawa hiyo anastahili kuambiwa jambo hili palepale dirishani, pamoja na kuulizwa anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Yeye anasema hakuambiwa. Huenda aliambiwa siku ya foleni ndefu, haraka haraka, yakapita. Alifika kliniki wiki ya 9, enalaprili ikasimamishwa siku hiyohiyo, ikaingia methildopa, dawa ya presha isiyodhuru mimba. Akapewa foliki asidi miligramu 5, na wiki ya 13 tukamwanzishia aspirini miligramu 150, meza usiku. Kreatinini wiki ya 9 ilikuwa 79.

Kisha ndiyo ile 82 ya wiki ya 20.

Figo za mwanamke mwenye afya zikipata habari ya mimba hubadilika mapema kuliko tumbo. Kabla hata ya miezi mitatu kuisha, damu inayopita kwenye figo imeongezeka sana na kasi ya uchujaji imepanda kwa karibu nusu. Figo zenyewe hurefuka kwa sentimita moja hivi. Matokeo yake uchafu wa damu hupungua: kreatinini iliyokuwa 70 hushuka hadi 45 au 50, na inakaa huko karibu mimba nzima. Mfagiaji akiongezewa nguvu, taka za uani zinapungua. Zisipopungua, kuna kitu kimemzuia mfagiaji.

Kwa hiyo ile 44 hadi 97 iliyochapwa pembeni ni ya mwanamke asiye na mimba. Kwa mjamzito, kreatinini ikipita 77 tunaanza kuuliza maswali. Na kwa mama huyu swali lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu tulikuwa na namba yake ya zamani: kutoka 80 kwenda 79 kwenda 82. Mstari umelala, mahali ulipotakiwa kuteremka kama mto.

Tulitaka kuhakikisha. Zile fomula zinazokadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini na umri hazifai kwa wajawazito, kwa hiyo tukarudi kwenye njia ya kizamani, mkojo wa saa 24. Alikuja nao kwenye dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kula, limeoshwa likang'aa, limefungwa ndani ya mfuko mweusi ili kwenye daladala watu wasiulize. Hesabu ikatoa uchujaji wa mililita 85 kwa dakika. Mjamzito mwenye figo nzima wiki hizo hukaribia 150. Na ndani ya dumu hilohilo mlikuwa na gramu 1.4 za protini.

Kwa nini figo zake zilishindwa kupanda?

Hapa inabidi tuingie ndani ya mshipa wa damu. Mwaka 1980 Robert Furchgott, mtafiti wa Marekani, alionyesha jambo lililowashangaza wengi. Kipande cha mshipa mkubwa wa sungura kikidondoshewa kemikali ya asetilikolini kinalegea, lakini kikikwanguliwa ule utando mwembamba wa ndani hakilegei tena. Maana yake utando ule, endotheli, unatoa kitu kinachouambia msuli wa mshipa "legea". Baadaye kitu hicho kikajulikana kuwa gesi, nitriki oksidi, yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Furchgott na wenzake Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Endotheli huitengeneza gesi hiyo kutoka kwenye arginini, asidi amino tunayoipata kwenye karanga, maharage na nyama, kwa kutumia kimeng'enya maalumu. Inaishi sekunde chache tu, inafanya kazi yake, inatoweka.

Mimba inaitegemea sana. Kwa panya, ambako mambo haya yamechunguzwa kwa undani, homoni ya relaksini kutoka kwenye ovari huzichochea endotheli za figo kutoa nitriki oksidi zaidi. Mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio na ile inayoitoa yote hulegea, damu inamiminika, uchujaji unapanda. Panya mwenye mimba akizuiwa kile kimeng'enya, uchujaji wake unarudi kuwa kama wa panya asiye na mimba. Ukiendelea kumzuia siku kadhaa anapata presha, protini kwenye mkojo na watoto wadogo. Yaani anapata kitu kinachofanana sana na prieklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba.

Sasa weka kisukari juu yake. Hapa maelezo mengi hukosea kwa kurahisisha, yakisema kisukari "kinapunguza" nitriki oksidi basi. Inategemea ni lini. Miaka ya mwanzo sukari nyingi huzifanya figo zichuje kupita kiasi: mirija ya figo inanyonya sukari iliyochujwa na kunyonya chumvi pamoja nayo, chumvi inayofika mbele inakuwa kidogo, figo inadhani haichuji vya kutosha, inafungua mlango wa kuingilia. Nitriki oksidi ina mkono katika kufungua huko. Panya wenye kisukari kichanga wakizuiwa kuitengeneza, uchujaji uliozidi unashuka. Kwa hiyo mwanzoni ipo, pengine hata imezidi.

Miaka ikienda mambo hugeuka. Seli zinazounguza sukari kupita kiasi humwaga superoksidi, oksijeni yenye hasira, na superoksidi ikikutana na nitriki oksidi huila papo hapo na kuacha peroksinitriti, sumu inayochoma protini za seli. Kibaya zaidi, kimeng'enya chenyewe kikikosa msaidizi wake hugeuka. Badala ya kutoa nitriki oksidi kinaanza kutoa superoksidi, mlinzi kajiunga na wezi.

Mama wetu baada ya miaka 14 alikuwa mahali fulani katikati ya njia hiyo. Ile kreatinini 80 ya kabla ya mimba ilionekana nzuri, lakini naamini figo zake zilikuwa zimekwisha kuinuka zote zinavyoweza, hazina akiba. Mimba ilipokuja kuomba nusu nyingine, utando wa mishipa ukakosa cha kutoa. Ningependa kuwaambia tulipima nitriki oksidi yake tukathibitisha. Hatukupima, na hata hospitali kubwa hawapimi kwa mgonjwa. Gesi inayoishi sekunde haingoji mtu afike maabara. Kinachopimwa kwenye utafiti ni mabaki yake, nitriti na nitrati, na hayo yanapanda ukila mchicha jana usiku. Kwa hiyo mimi daktari nasoma nitriki oksidi kwa kuangalia mambo inayoyafanya: presha haikushuka mimba ilipofika katikati kama inavyoshuka kwa wengi, na kreatinini haikushuka. Hivyo viwili kwangu vinatosha.

Wiki ya 28 alikuja na mama mkwe wake. Miguu imevimba hadi alama ya kandambili inabaki kwenye unyayo. Presha 142/92, protini gramu 3.6 kwa siku, kreatinini 97. Karatasi ya maabara, kwa mara nyingine, haikuweka nyota.

"Daktari," mama mkwe akasema, "si ungempa dawa ya kukojoa maji haya yatoke? Kwetu tunachemsha majani, lakini yeye kakataa."

"Kafanya vizuri kukataa, mama. Maji yako miguuni, lakini ndani ya mishipa hayatoshi. Nikimkojoza, kondo la nyuma linakosa damu."

Hakuridhika. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake, na kusema kweli swali lake si la kijinga. Nimeona waganga wenzangu wakiandika frusemidi kwa uvimbe kama ule bila kufikiri mara mbili.

Shida ya kitabibu ilikuwa nyingine. Mtu aliyekuwa na protini tangu mwanzo, utajuaje lini prieklampsia imeingia juu yake? Kwa mwanamke mwenye figo nzima, protini ikitokea baada ya wiki 20 pamoja na presha ni kengele. Kwa huyu kengele ilikuwa inalia tangu wiki ya 9. Kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, jambo lililoonyeshwa vizuri na watafiti wa Boston mwaka 2003. Protini hiyo hunasa vichocheo vinavyozilisha endotheli, na vichocheo hivyo ndivyo vinavyokiamuru kile kimeng'enya kitoe nitriki oksidi. Kwenye vichujio vya figo endotheli huvimba kama mandazi yaliyolowa chai na kuziba vitundu vyake. Kwa hiyo nitriki oksidi ya mama huyu ilikuwa inaporwa na wawili: sukari kwa upande mmoja, kondo kwa upande mwingine. Kuna nchi wanakopima uwiano wa sFlt-1 na kimojawapo cha vichocheo inavyovinasa na kupata jibu siku hiyo. Sisi tulikuwa na mashine ya presha, kipimo cha chembe sahani zinazogandisha damu, vimeng'enya vya ini, na swali "kichwa kinauma?" Tukaongeza nifedipini, dawa nyingine ya presha, tukampa tarehe ya kila wiki.

Insulini yake ilikuwa imepanda kutoka yuniti 38 kwa siku hadi 72, na hiyo ni kawaida. Homoni za kondo huupinga utendaji wa insulini. Wiki ya 33 ikashuka yenyewe. Siku tatu mfululizo aliamka usiku akitetemeka, jasho limelowesha kanga, sukari 2.9. Alifurahi, akadhani kisukari kinapona. Mimi niliogopa. Insulini ikipungukiwa kazi ghafla mwishoni mwa mimba, kondo linaweza kuwa linachoka. Na kwa mwenye figo mbovu kuna sababu ya pili: figo ndizo zinazovunja sehemu ya insulini, zikidhoofika insulini inakawia mwilini. Kwake nadhani zilikuwa zote mbili. Presha siku hiyo 164/108, chembe sahani 118,000, kreatinini 128, na kichwa kilikuwa kinauma tangu juzi, "ila si sana".

Alilazwa saa hiyohiyo. Deksamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, ambayo ilirusha sukari hadi 17 usiku ule, tukaifukuza kwa insulini kila saa. Na magnesiamu salfeti kuzuia degedege.

Magnesiamu ndiyo sehemu ninayotaka vijana waisome polepole. Dawa hii ni salama, rahisi, na utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini inatoka mwilini kwa njia ya figo peke yake. Dozi ya kwanza, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio, anapewa kila mtu kamili, hata mwenye figo mbovu, kwa sababu dozi hiyo inajaza mwili tu. Hatari iko kwenye zinazofuata. Kwake tulizipunguza kwa nusu, na kila moja ilisubiri ruhusa ya mambo matatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 100 kwa saa nne, na goti liruke. Nyundo ya kupimia goti ilikuwa imepotea wodini siku nyingi. Mkunga wa zamu alikuwa akigonga kwa ukingo wa kiganja chake, mguu wa mama ukining'inia kandoni mwa kitanda, chupa ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, ikiwa tayari kwenye trei. Saa nane usiku goti liliruka kivivu na mkojo ulikuwa mililita 70. Mkunga hakuchoma sindano iliyofuata. Aliandika, akaniamsha. Ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi tukampasua. Mtoto wa kike, gramu 1,650, alilia mwenyewe. Sukari yake ilipimwa kila baada ya saa chache kwa sababu kongosho la mtoto aliyelelewa na sukari nyingi huendelea kumwaga insulini hata baada ya kitovu kukatwa. Ilishuka mara moja, ikapanda kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kisha akafungwa kifuani kwa mama, kangaruu.

Kondo lilipotoka, tuliipunguza insulini siku hiyohiyo hadi yuniti 30. Anayesahau hatua hii humkuta mgonjwa wake hana fahamu alfajiri.

Mtu atauliza: kama tatizo ni nitriki oksidi, kwa nini tusimpe? Nimeulizwa mara nyingi, na mara nyingine muulizaji ana kopo la "arginini" mkononi alilouziwa mtandaoni. Wamejaribu. Vitamini C na E, kwa matumaini ya kuimaliza ile superoksidi, zilijaribiwa Uingereza kwa wajawazito zaidi ya 700 wenye kisukari aina ya kwanza. Matokeo ya mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba zinazuia prieklampsia. Mexico walitoa vipande vya chakula vyenye arginini pamoja na vitamini kwa wanawake walio katika hatari, na matokeo ya 2011 yalitia moyo, ila si utafiti wa wenye kisukari na figo zilizochoka. Halafu kuna sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra. Haiongezi nitriki oksidi, inarefusha ujumbe wake ndani ya msuli wa mshipa. Uholanzi waliijaribu kwa watoto wasiokua tumboni, na Julai 2018 wakausimamisha utafiti baada ya watoto 11 kufa, ikishukiwa ni matatizo ya mishipa ya mapafu. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri sana. Kwa hiyo kopo la arginini namwambia mtu alirudishe, hela yake anunulie vipande vya kupimia sukari.

Kinacholinda nitriki oksidi ya mwenye kisukari ni sukari iliyoshuka kabla ya mimba, HbA1c chini ya asilimia 6.5 ikiwezekana, na presha iliyodhibitiwa. Mama huyu alianza na 9.1. Hapo ndipo mchezo uliamuliwa, sio wodini.

Presha yake ilipanda tena siku ya nne baada ya kujifungua, kama inavyopenda kufanya wakati kila mtu ameshalegea na ndugu wameleta mtori. Enalaprili ilirudi wiki ya 6. Kwa anayenyonyesha inakubalika, tukiangalia figo na potasiamu. Wiki ya 12 presha ilikuwa 134/84, protini gramu 1.1 kwa siku, kreatinini 106. Prieklampsia ingekuwa peke yake, protini ingekuwa imeondoka au inaelekea kuondoka, na kreatinini ingekuwa imerudi 80. Haikurudi. Sehemu ya figo iliyopotea mwaka ule imepotea.

Safari hii mashine iliweka nyota kando ya namba.

Alikaa mbele yangu, mtoto mgongoni, kilo 4.1. Akaiangalia ile nyota, akauliza kama angeweza kupata wa pili. Nilimwonyesha namba tatu kwa mpangilio, 80, 82, 106, nikamweleza kuwa ile ya katikati ndiyo iliyokuwa mbaya ingawa inaonekana kama ya kwanza, na kwamba akianzia 106 mimba nyingine inaweza kumpeleka kwenye dayalisisi mapema zaidi. Sikumwambia hapana. Nilimwambia miaka miwili, HbA1c chini ya 6.5, na aje kabla ya kushika mimba, sio wiki ya 9. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai kwa sababu ya presha na figo. Alichagua kijiti. Sista akamwekea mkono wa kushoto mchana uleule, mama mkwe kambeba mtoto nje kwenye benchi.